Asante, Nimekunywa Huko Nilikotoka

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kusimamia uchunguzi wa jinai magerezani sikupewa gari wala bastola. Nilipewa meza iliyovunjika mguu mmoja ikaegemezwa kwa matofali, na ufunguo wa kabati la faili. Mkuu wa Gereza, mtu mrefu kutoka upande wa ziwa, miwani yake imefungwa kwa uzi, alinitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Inspekta Tonui, umekunywa chai?"

"Bado, afande."

"Vizuri. Kuanzia leo usinywe kwa mtu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia askari anayenilisha leo, kesho faili yake itakuwa juu ya meza ile, na sitaweza kumwandika vizuri na ugali wake bado uko tumboni. "Na wakikukaribisha, usiwaambie hapana. Hapana inaumiza watu. Sema, asante, nimekunywa huko nilikotoka. Halafu keti, uliza maswali yako."

Niliiandika sentensi hiyo ndani ya jalada la daftari langu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, nikalishika tangu siku hiyo mpaka nilipovua kombati, na bado nilivunjika. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa, ngojeni niwaeleze ilikuwaje.

Watu hudhani uhalifu huishia kwenye lango la gereza. Wapi! Ndani kuna bangi inayoingia tumboni mwa parachichi. Kuna simu zinazofichwa ndani ya kipande cha sabuni. Nilikuwa na mahabusu mmoja, yaani mtu anayengoja kesi yake bado, aliyekuwa mchungaji kwa njia ya simu; akina mama wa mjini walimpigia awaombee, nao walituma sadaka. Siku tuliyomkamata alikuwa katikati ya maombi na akatuomba tusubiri amalizie.

Makosa madogo, kama watu kupigania blanketi, Mkuu wa Gereza aliyamaliza mwenyewe ofisini. Yale ya jinai ndiyo yalikuwa yangu. Kuumiza mtu, kutoroka, hongo, kifo. Mimi ndiye niliyefunga eneo la tukio, nikasimamia wachunguzi wangu wakiandika maelezo, nikavifungia vielelezo, yaani vitu vyote vitakavyoonyeshwa kama ushahidi, mpaka faili iwe tayari kukabidhiwa polisi au kamati ya nidhamu. Jambo la kwanza nililoangalia ni kitabu cha matukio, kile ambacho kila zamu huandika yaliyotokea. Kitabu hicho kimeshonwa kwa uzi katikati. Askari mjanja akichana ukurasa, ndugu yake wa upande wa pili wa uzi hulegea. Nimewashika wengi kwa kushika tu kitabu kwa mgongo na kukitikisa.

Kazi niliipenda. Maisha yake ndiyo yalikuwa mabaya. Tulikaa kambini, nyumba za askari nyuma ya ukuta, mlango kwa mlango, na kila nilipopita mazungumzo yalikatika. Nikiingia kantini, waliokuwa wakicheza drafti walikumbuka kwa ghafla kwamba wana zamu. Harusini nilipeleka zawadi, nikasimama karibu na mlango, nikasema nimekunywa huko nilikotoka. Mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu, alinitazama akatikisa kichwa. "Baba Kiprono," aliniambia siku moja, "hata wewe ukifa, watu watakuja matangani na chai zao kwenye thamosi."

Nilipelekwa gereza moja la nchi ya joto, mbali na kwetu, nikakaa huko miaka kadhaa. Wacha tu niseme ukweli, huko nilipata nafuu. Pale hakuna aliyenijua, kwa hiyo upweke ulikuwa na sababu. Kisha nikaongezewa majukumu, nikarudishwa kwenye nchi ya chai nisimamie uchunguzi wa magereza yote ya upande wetu, Kericho na Bomet. Kamanda wetu alikuwa mama kutoka mkoa wa kati, mdogo wa mwili, mwenye sauti ya kugonga. "Tonui," alisema siku niliporipoti, "mimi sitaki hadithi. Nataka nani, wapi, na nani aliona."

Gereza moja kati ya yale lilikuwa na shamba lake la chai, mahali ambapo vilima huanza kushuka kuelekea Merigi. Kila asubuhi genge la wafungwa thelathini lilitoka kwenda kuchuma, wamevaa ile sare ya mistari tuliyoiita kunguru, kila mmoja na kikapu chake mgongoni. Mbele yao alitembea nyapara, mfungwa aliyechaguliwa kuwaongoza wenzake. Nyuma yao alitembea Koplo Langat.

Langat alikuwa bakule wangu. Kwa asiyejua, hao ni watu waliotahiriwa msimu mmoja na kukaa jandoni pamoja. Ni zaidi ya rafiki, na kwa mambo mengine ni zaidi ya ndugu. Tulipotoka jandoni, mama yake, Bot Chebet, alitupokea sote wawili nyumbani kwake Merigi na kutunywesha mursik kutoka kibuyu kimoja, yale maziwa yetu ya kugandisha yenye masizi ya mti. Tangu siku hiyo aliniita mwanangu, na mimi nilimwita mama.

Ukungu wa kwetu mnaujua. Unashuka bila hodi, na mtu aliye hatua kumi anapotea. Sheria yetu ilikuwa kwamba ukungu ukianza, koplo anapuliza filimbi na wafungwa wanakaa kaba, yaani wanachutama safu za watano watano, mikono kichwani, wahesabiwe. Siku hiyo Langat alipuliza filimbi. Wakachutama. Akahesabu ishirini na tisa. Akahesabu tena. Kikapu cha thelathini kilikuwa katikati ya michai, na ndani yake shati la kunguru limekunjwa vizuri kabisa.

Aliyetoroka alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache. Baada ya siku mbili, mwenye duka mmoja wa Longisa alimshuku na kumkamata mkono. Jamaa alijichomoa akakimbia, na mwenye duka akabaki ameshika sweta. Sweta yenyewe ilikuwa ya kijani, yenye mistari ya kahawia kifuani, na viwiko vimezibwa kwa uzi mpya. Ilipofika gerezani haikuhitaji utambulisho. Kambi nzima iliijua. Bot Chebet alimfumia mwanawe.

Kamanda aliniita. "Huyu koplo, unamjua?"

"Ni bakule wangu, afande."

"Basi nimpe mwingine hiyo faili."

Hapo ningekaa kimya tu, mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa na kiburi cha mtu msafi. Nilitaka ionekane kwamba Tonui hana ndugu. "Nitaifanya mwenyewe," nikasema. "Nikimpendelea, nivue cheo."

Langat aliletwa ofisini bila mkanda, kama utaratibu ulivyotaka. Aliponiona alipumua, akaketi kabla sijamwambia aketi.

"Afadhali ni wewe, bakule. Hiyo sweta nilimwachia mama mwezi uliopita. Alitaka kuziba viwiko. Nenda umuulize."

"Hapa ofisini mimi ni Inspekta," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, kisha akasimama, akabana miguu. "Ndiyo, Inspekta."

Kesho yake nilikwenda Merigi na dereva na konstebo mmoja wa kuandika. Kama Bot Chebet angesema sweta ilikuwa kwake, Langat alikuwa salama, kwa sababu hapo ningetafuta ilitokaje Merigi. Kama angesema hakuwa nayo, basi koplo wangu alimpa mfungwa nguo za kutorokea, na kazi yake imekwisha. Mambo yote yalisimama juu ya jibu la mama mmoja, na mama huyo alikuwa mamangu pia.

Alitoka nje akijifuta mikono, akafurahi, akanishika kichwa. Tukaingia. Hakuuliza tumefuata nini. Kwetu mgeni haulizwi hivyo. Alichukua kibuyu ukutani, kile kile, akakitikisa taratibu, akamimina kikombe kikajaa, akaniwekea mbele kwa mikono miwili.

Konstebo alikuwa ameshafungua daftari. Nilimwona ananiangalia. Nikajua jioni kambi nzima itakuwa na habari kwamba Inspekta Tonui alikunywa kwa mamake mshukiwa.

"Asante, mama," nikasema. "Nimekunywa huko nilikotoka."

Aliangalia kikombe. Akaangalia kalamu ya konstebo. "Ulikotoka ni wapi, mwanangu?"

"Ofisini."

"Kumbe siku hizi ofisini kuna mursik." Alichukua kisahani akafunika kikombe. "Haya, uliza."

"Sweta ya kijani, Langat alikuletea?"

"Sijui."

"Amesema alikuachia uzibe viwiko."

"Sijui mambo ya sweta."

Nilimuuliza mara tatu, kwa maneno matatu tofauti, kama tulivyofundishwa. Mara tatu alisema hajui. Konstebo akaandika, akamsomea, naye akaweka dole gumba. Alituaga akiwa amegeukia moto.

Mimi ni Mkipsigis. Nilijua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba mtu aliyekataa maziwa yako haambiwi jambo zito. Hajaja kama mtoto wa nyumbani, na hujui anabeba nini moyoni. Mchunguzi wa kutoka mahali pengine angekosea kwa kutojua. Mimi nilikosea nikijua, na nilirudi garini nikijisifu kwamba nimeshika sheria.

Langat nilimsomea maelezo ya mamake neno kwa neno. Aliitazama sweta iliyokuwa ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Amesema hajui?"

"Amesema."

Alikuna kidevu. Nadhani alikwisha kuelewa hapo hapo. Kama mama alikana, basi mama aliogopa. Na kama aliogopa, kulikuwa na kitu alichofanya. "Basi andika hivi," akasema. "Sweta ni yangu, na sikumbuki niliiacha wapi."

Niliandika kwamba koplo amebadilisha maelezo yake. Mtu akibadilisha maelezo, sisi husema ana hatia. Ndivyo kitabu kilivyotufundisha. Kamati ya nidhamu ilisoma ripoti yangu na kumfukuza kazi. Siku alipohama, pikapu ilipakia godoro, benchi na kuku wawili ndani ya katoni. Askari wote waliokuwa nje ya zamu walitoka kumuaga. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la ofisi, nikimtazama akipeana mikono. Hakuangalia dirisha langu hata mara moja.

Kwa muda wa miaka minne nilisikia habari zake kwa mbali tu. Anachuma chai kwenye mashamba ya watu. Anaitwa yule askari aliyeuza mfungwa. Hata kanisani, nilisikia, alikaa benchi la nyuma.

Kisha fundi wa pikipiki akakamatwa, akaletwa kwenye gereza jingine lililokuwa chini yangu. Niliamua kuandika maelezo yake kwa mkono wangu, nifunge ile faili. Nilimuuliza jinsi alivyotoka, njia aliyopita, mahali alipolala. Alijibu bila shida.

"Sweta ulipewa na nani?"

"Mama mmoja mzee, huko Merigi. Mvua ya mawe ilikuwa imenipiga, niko kifua wazi. Nilisema nimeibiwa njiani. Akaniwashia moto, akanipa maziwa ya kibuyu. Akasema, vaa hii, ni ya mwanangu, utarudisha ukipita tena. Hata jina hakuniuliza."

"Na Koplo Langat?"

Alicheka. "Yule? Yule hata tumbaku hakuwahi kunipa, afande."

Niliweka kalamu chini. Yule mama alimpa mtoro maziwa na nguo kwa sababu ni mgeni na ananyeshewa, naye akanywa. Mimi mtoto wake nilikataa.

Jumamosi nilikwenda Merigi peke yangu, bila kombati, bila daftari. Macho ya Bot Chebet yalikuwa yameanza kufifia, akanitambua kwa sauti. Sikumuuliza kitu. Alinyoosha mkono ukutani, akatikisa kibuyu, akamimina. Nikanywa kikombe chote, mpaka nikaona chembe nyeusi za masizi chini. Ndipo akaanza kusema, bila kuulizwa.

Alisema kesho yake baada ya yule mgeni kuondoka, mzee wa kijiji alipita akitangaza kwamba mfungwa ametoroka, na anayemficha atafungwa badala yake. Akaogopa. Hakumwambia mtu. "Lakini nilikungoja wewe," akasema. "Nilisema moyoni, Tonui atakuja. Yule ni mtoto wa hapa. Nitamwambia, atajua la kufanya. Ukaja na kalamu." Akapapasa mpaka akapata kikombe changu kitupu, akakishika kwa mikono miwili. "Ungekunywa siku ile, ningekuambia."

Haki ya Mungu, sijawahi kupigwa hivyo. Nimewahi kurushiwa tofali na wafungwa waliogoma, na halikuniuma kama maneno yale.

Nilimweleza kwamba sheria haimfungi mtu aliyemsaidia mtoro bila kujua ni mtoro. Akasema, "Basi andika sasa." Nilirudi Jumatatu na karatasi, nikiwa na konstebo wa kushuhudia, na nilikunywa mbele yake. Bot Chebet alitoa dole gumba kabla sijafungua kidau cha wino.

Katika barua ya kuomba faili ifunguliwe upya, niliandika pia kosa langu: kwamba nilichukua kesi ya mtu wangu kwa kiburi, na kwamba nilimhoji shahidi kwa namna ambayo nilijua itamfunga mdomo. Kamanda aliisoma nikiwa nimesimama.

"Hii sehemu ya mwisho, niitoe?"

"Iache, afande."

"Itakaa kwenye faili yako mpaka ustaafu."

"Ikae."

Aliiweka barua mezani. "Mimi nilitaka nani, wapi, na nani aliona," akasema polepole. "Sikukuambia usinywe maziwa, Tonui." Na ni kweli. Hakuniambia yeye.

Barua ya kumsafisha Langat ilichukua muda mrefu kutoka. Ilipofika, umri wake wa kurudi kazini ulikuwa umepita, na Bot Chebet tulikuwa tumemzika. Niliipeleka mwenyewe. Nilimkuta katikati ya michai, kikapu mgongoni, kiunoni amejifunga lile karatasi gumu la nailoni la kuzuia umande. Aliisoma mara mbili. Aliikunja, akaiweka mfuko wa shati.

"Mama alikuwa akiniuliza kila wiki kama imefika," akasema. Kisha akarudi kuchuma, kwa sababu gari la majani lilikuwa njiani.

Nilistaafu baadaye kidogo. Walinifanyia sherehe, hotuba tatu na soda. Nilishika chupa ile mkononi mpaka mwisho, nikairudisha imejaa. Si kwamba nilikataa. Mkono ulikuwa umesahau.

Sasa niko Siongiroi, kwenye kiboma changu. Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita, na watoto wako Nairobi. Majirani ni watu wazuri. Wanapita hapo langoni wakienda sokoni, wananisalimu kwa heshima, hawaingii. Siwalaumu. Mwanzoni walinialika, na ulimi wangu ulijibu wenyewe ile sentensi kabla sijafikiri. Mtu akiisikia mara mbili, mara ya tatu haalikwi. Jioni napika chai ya kutosha watu wawili kwa mazoea, nakunywa kikombe kimoja, cha pili kinapoa. Upweke nimeuzoea, lakini siupendi, na msidanganywe na mzee yeyote anayesema anaupenda.

Mnaoshika kazi hii, shikeni kitabu cha matukio kwa mgongo. Fungeni vielelezo siku ile ile. Mkipewa faili ya mtu wenu, irudisheni bila aibu. Na mkifika nyumbani kwa mama wa mtu akawawekea kikombe, kunyweni, kisha mwandike ukweli. Mkuu wangu wa kwanza aliogopa kwamba chakula cha watu kitaniharibu. Hakujua kwamba kuna ukweli ambao hutolewa baada ya chakula tu.

Mwezi uliopita, siku ya mnada wa ng'ombe, nilimwona Langat sokoni. Alikuwa amekuja alfajiri kutoka Merigi, akiswaga fahali mmoja mwekundu. Nilimwomba apite nyumbani apumzike, na sikuamini alipokubali. Nilitembea mbele yake nikiwa na haraka ya mtoto. Nilimfutia kiti. Nilipika chai ya maziwa matupu, nikatia sukari mbili, kama alivyopenda tukiwa vijana, nikaimimina kwenye kikombe cha mke wangu, nikamwekea mbele kwa mikono miwili.

Tuliongea habari za mvua. Tuliongea habari za nyasi. Aliuliza watoto wangu hawajambo, na mimi nikauliza wake. Alikuwa mpole, hana chuki, na mvuke wa chai ulipanda kati yetu mpaka ukaisha.

"Kunywa, bakule," nikasema. "Itapoa."

Alichukua kofia yake kwenye goti, akasimama.

"Asante, Inspekta," akasema. "Nimekunywa huko nilikotoka."

Nilimsindikiza mpaka langoni. Niliporudi ndani nilitafuta kisahani, nikafunika kikombe.